Nafasi ya Taifa Stars katika AFCON 2027: Dhana Tunazozirudia na Ukweli wa Mabao

Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2023 nchini Ivory Coast, timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, walimaliza hatua ya makundi wakiwa na pointi 2, wakashika mkia wa Kundi F na kurudi nyumbani. Desemba 2025, nchini Morocco, walimaliza tena hatua hiyo wakiwa na pointi 2 zilezile, na safari hii wakaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Mara ya kwanza tuliambizana kwamba soka letu lingali kichwa cha mwendawazimu, yaani kila mtu hujifunzia kunyoa hapo, kwa msemo tuliourithi kutoka kwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Mara ya pili tuliambizana kwamba sasa tumefika, na kwamba fainali za 2027, ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda, zitatukuta robo fainali au mbele zaidi. Hukumu zote mbili zilitokana na pointi 2, na ndiyo maana naona ipo haja ya kupima upya jinsi tunavyoipima timu yetu.

Dhana ya kwanza ni kwamba hatua ambayo timu imefikia ndiyo kipimo cha ubora wake. Tangu 2019 AFCON huchezwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi 6, na mbali na timu mbili za juu za kila kundi, timu 4 zilizoshika nafasi ya tatu kwa matokeo bora nazo huvuka. Kwa hiyo timu 16 kati ya 24 husonga mbele, na hatima ya timu ya tatu hutegemea pia matokeo ya mechi ambazo haikucheza. Mwaka 2024 Zambia walishika nafasi ya tatu katika kundi letu kwa pointi 2, na pointi hizo hazikuwatosha. Mwaka 2025 Stars walilingana na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, wakawapita kwa sababu tu walikuwa wamefunga mabao 3 huku Angola wakifunga 2. Mwaka 2019 Benin walifika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo, baada ya kutoa sare tatu katika kundi na kuwatoa Morocco kwa mikwaju ya penalti. Simaanishi kwamba Stars walibahatisha, kwani bao la Feisal Salum lililowapa sare ya 1-1 dhidi ya Tunisia lilipatikana kwa jasho. Nasema tu kwamba kuvuka na kutovuka kunaweza kutenganishwa na bao moja lililofungwa katika kundi jingine.

Kipimo cha haki zaidi ni mabao yenyewe, na hapa takwimu zinasema jambo ambalo shangwe na lawama zimelifunika. Katika fainali nne ilizocheza, yaani 1980, 2019, 2023 (zilizochezwa Januari 2024) na 2025, Tanzania imecheza mechi 13, imetoa sare 5, imefungwa 8 na haijashinda hata moja. Imefunga mabao 9 na kufungwa 23. Ukitazama fainali moja baada ya nyingine, utaona kwamba ulinzi umeimarika waziwazi: mwaka 2019 nchini Misri tulifungwa mabao 8 katika mechi 3, mwaka 2024 tukafungwa 4 katika mechi 3, na nchini Morocco tukafungwa 5 katika mechi 4, ikiwamo ile ya 16 bora ambamo wenyeji walihitaji bao la Brahim Díaz katika kipindi cha pili ili kutuondoa kwa 1-0. Timu inayoruhusu mabao kwa kiwango hicho si kichwa cha mwendawazimu. Hata hivyo, timu ambayo haijawahi kufikisha wastani wa zaidi ya bao moja kwa mechi katika fainali yoyote haiwezi kusemwa kwamba imefika.

Wapo wanaotegemea viwango vya FIFA, ama kwa kukata tamaa ama kwa kujipa moyo. Viwango hivyo vina maana, lakini ni lazima tujue jinsi vinavyokokotolewa. Tangu 2018 kila mechi hupewa uzito wake: mechi ya kirafiki inayochezwa ndani ya kalenda ya FIFA ina uzito wa 10, mechi ya kufuzu 25, na mechi ya fainali za bara kabla ya robo fainali 35. Zaidi ya hayo, timu inayofungwa katika hatua ya mtoano ya fainali haipunguziwi pointi. Matokeo yake ni kwamba nchi zinazoshiriki fainali mara kwa mara zina fursa nyingi za kupanda, na nchi iliyokosa fainali kwa miaka 39, kama ilivyokuwa kwetu kati ya 1980 na 2019, hubaki chini hata inapoanza kubadilika. Morocco waliingia Kombe la Dunia la 2022 wakiwa nafasi ya 22, wakawafunga Ubelgiji waliokuwa wa pili, kisha wakawatoa Hispania na Ureno. Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaojibu kila hoja kwa kusema mpira unadunda. Kati ya mechi 8 tulizofungwa katika AFCON, 7 tulifungwa na nchi zilizowahi kutwaa kombe hilo. Ya nane ni ile ya Kenya. Mpira unadunda, lakini kwa sehemu kubwa haudundi ovyo.

Kuhusu uenyeji, imani kwamba wenyeji hubeba kombe ina chembe ya ukweli, kwa kuwa katika fainali 34 za kwanza wenyeji walilitwaa mara 12. Lakini tangu Misri waliposhinda nyumbani mwaka 2006, ni Ivory Coast peke yao waliofanya hivyo hadi kufikia fainali za 2023, nao walikuwa wamefungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakamfukuza kocha, na kuponea katika nafasi ya tatu. Gabon mwaka 2017 walitoka katika makundi mbele ya mashabiki wao baada ya sare tatu. Sisi wenyewe tuliyaona hayo Agosti 2025 katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda: Stars waliongoza kundi kwa pointi 10, kisha wakafungwa 1-0 na Morocco katika robo fainali Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Kenya na Uganda nao wakaishia hatua hiyohiyo.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile ya Simba na Yanga. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba wakaicheza mwaka 2025, na wengi wakahitimisha kwamba taifa lenye klabu za namna hiyo lazima liwe na timu kali. Lakini katika ile Yanga ya 2023 golini alikuwa Djigui Diarra wa Mali, na mfungaji wao mkuu alikuwa Fiston Mayele wa DR Congo. Hakuna ubaya kwa klabu kusajili mchezaji bora kutoka popote. Ila mabao ya Mayele hayawezi kuhesabiwa katika nguvu ya Stars, na kijana wa Kitanzania anayecheza nafasi yake huenda anaanzia benchi.

Hilo linaturudisha kwenye mabao. Tangu 2019 Stars wametangulia kufunga katika mechi tatu za AFCON, na zote tatu ziliwaponyoka kuanzia dakika ya 80: Kenya walipata bao la ushindi wa 3-2 dakika ya 80, Patson Daka akaisawazishia Zambia dakika ya 88 ilhali wenzake walikuwa 10 uwanjani, na Uganda wakasawazisha nchini Morocco dakika zikiyoyoma. Kama bao la Daka lisingeingia, na sare yetu na DR Congo ikabaki vilevile, tungemaliza wa pili katika kundi. Anayetaka kukadiria nafasi yetu ya 2027 aanze na swali la nani ataingia kutoka benchi katika dakika hizo na timu ikabaki na nguvu ileile. La pili ni nani atafunga. Katika mabao 6 tuliyofunga tangu 2019, Simon Msuva amefunga 3, moja katika kila fainali, na Mbwana Samatta amefunga 1. Wakati wa fainali za 2027 Msuva atakuwa na umri wa miaka 33 na Samatta 34.