Sugu hakuacha muziki akaenda kwenye siasa: tunayoyakosea kuhusu Mr. II na wenzake

Jina la Joseph Mbilinyi, yaani Sugu au Mr. II, rapa aliyekuja kuwa mbunge, likitajwa tu kijiweni, iwe kwa kinyozi au kwenye grupu la WhatsApp, hazipiti dakika mbili mtu hajasema "si yule rapa aliyeona muziki haulipi akakimbilia siasa". Nimeisikia hii kauli mara nyingi mpaka inaniuma, maana mi nimekua na kaseti zake, kwa hiyo naanza na hiyo hiyo, nyingine zitafuata.

Eti alikimbilia siasa 2010. Jamani, tuhesabu miaka. Albamu ya Ni Mimi ilitoka 1995, Ndani ya Bongo 1996, Niite Mr. II 1998, na ndani ya hiyo ya 1998 ndo kuna Hali Halisi, wimbo unaoongelea wanasiasa na ugumu wa maisha bila kuzungukazunguka. Sasa kumbuka nchi ilikuwaje. Vyama vingi vilirudi 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ni 1995, redio ilikuwa ya serikali peke yake mpaka zilipoanza hizi za binafsi kama Radio One 1994, yaani kijana wa mtaani hakuwa na mahali pa kusemea kabisa, halafu anatokea mtu anasema kwa Kiswahili kile kile ambacho watu wanakinong'ona kwenye foleni ya maji. Hiyo ilikuwa siasa tayari, hata kama hana kadi ya chama mfukoni.

Nakumbuka tulivyokuwa tunaandika mistari yake. Mmoja anashika redio kaseti, anabonyeza pozi kila mstari, mwingine ana daftari la hesabu anaandika kwa nyuma, tukikosa neno tunarudisha, tunabishana, tunarudisha tena mpaka ile batani ya pozi ikalegea ikawa hairudi juu bila kuinuliwa kwa kucha. Mzee wangu hakuipenda rap hata kidogo, aliiita kelele, ila siku moja alisimama mlangoni na taulo begani akasikiliza Hali Halisi mpaka mwisho, afu akauliza "huyu kijana ni nani?" Hakusema lingine, akaenda zake kuoga. Mi tangu siku hiyo sikuwa na swali kama huu ni muziki wa wahuni au sio.

Kwa hiyo 2010 alipogombea ubunge Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, chama cha upinzani, na kushinda, akarudi tena 2015 akashinda, hakubadilisha kazi, alibadilisha mahali pa kusimama. Na hili la mahali naomba tulishike maana ndo litaeleza habari ya jela huko mbele, watu wengi wanaichanganya.

Kuna wanaosema ndiye rapa wa kwanza kurap kwa Kiswahili. Hapana, na kumpa sifa ya uongo ni kuwanyang'anya wengine yao. Saleh J alishashinda shindano la Yo Rap Bonanza 1991 kwa kuuchukua Ice Ice Baby wa Vanilla Ice na kuuwekea maneno ya Kiswahili, na kundi la Kwanza Unit nao walikuwa wanafanya yao mapema tu miaka hiyo ya tisini mwanzoni. Alichofanya Sugu ni kingine, ye aliendelea kutoa albamu juu ya albamu, karibu kila mwaka, Nje ya Bongo 1999, Millenia 2000, Muziki na Maisha 2001, Itikadi 2002, mpaka watu wakazoea kwamba rap ya Kiswahili sio kibwagizo cha kuchekesha disko, ni kitu mtu anakaa anakisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Ukiniuliza mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kuwa wa kwanza.

Wadogo zetu wengine wanadhani 2-Proud ni mtu mmoja, Mr. II mwingine, na Sugu ni mwingine. Ni huyo huyo. Na wapo wanaodhani kazaliwa Mbeya kwa sababu ya ubunge, wakati kazaliwa Mtwara, tarehe 1 Mei 1972, yaani Mei Mosi, siku ya wafanyakazi. Jina la Sugu nalo sio tusi wala sio majivuno kama wengine wanavyolichukulia, sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mtu wa jembe au wa toroli, pale palipochubuka mara nyingi mpaka pakaacha kuuma.

Haya, elimu. "Rapa anaingiaje bungeni, ana shahada gani?" Hili lilisemwa sana na linasemwa mpaka leo kila msanii akichukua fomu. Katiba yetu ibara ya 67 ipo wazi, inataka uwe raia wa Tanzania, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama uliyependekezwa na chama cha siasa. Yapo na masharti mengine ya kumzuia mtu, ila shahada haimo. Kama mtu anaona sharti hilo ni dogo basi agombane na Katiba, asigombane na mtu aliyetimiza kila kilichoandikwa. Alafu mtu ambaye ameandika mashairi ya albamu karibu kumi anaulizwaje kama anajua kuandika?

Na bungeni hakwenda kukaa tu. Aliwahi kuwa waziri kivuli wa wizara ya habari na utamaduni, akawa anasoma hotuba za upinzani kuhusu sekta aliyoijua kwa ndani. Hapa watu wanakosea tena kudhani wale magwiji wa kaseti walitajirika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, ina maana albamu zake za mwanzo ziliingia sokoni kabla hiyo sheria haijawepo, na hata ilipokuja mtindo ulikuwa msanii anamkabidhi msambazaji masta, yaani ile rekodi halisi ya albamu, anapewa hela ya mara moja, basi imeisha, kaseti zikiuzwa elfu moja au laki yeye hajui, na hapo bado hujamweka yule anayerudufu nyumbani kwake na kava la fotokopi. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini rapa wa kizazi kile akipata kipaza sauti cha Bunge kitu cha kwanza anachokilalamikia ni haki za wasanii.

Sasa jela. Hapa ndo pamejaa upotoshaji kuliko kote.

Wengi wanasema Sugu alifungwa kwa sababu ya wimbo. Sio kweli. Alifungwa kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara Mbeya mwishoni mwa Desemba 2017, yeye na Emmanuel Masonga aliyekuwa katibu wa CHADEMA Kanda ya Nyasa, wakashtakiwa kwa kutoa lugha ya fedheha dhidi ya Rais Magufuli. Tarehe 26 Februari 2018 mahakama ya Mbeya ikawahukumu miezi mitano kila mmoja, gereza la Ruanda, mjini humo humo kwenye jimbo lake. Alitoka tarehe 10 Mei. Kwa hiyo wale wanaosema alikaa miaka wanazidisha, na wale wanaosema alikaa wiki mbili akatoka wanapunguza, toka siku ya hukumu mpaka siku ya kutoka ni siku 73, na kabla ya hukumu walishakaa mahabusu kwa sababu walinyimwa dhamana.

Swali linalofuata huwa ni hili, "lakini si alikuwa mbunge, kinga yake ilikuwa wapi?" Ni swali zuri na jibu lake watu hawalijui kwa sababu hakuna anayewaeleza. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo, majadiliano na utaratibu katika Bunge, na inasema mbunge hatashtakiwa mahakamani kwa jambo alilolisema au kulifanya ndani ya Bunge. Ndani ya Bunge. Ukitoka pale Dodoma ukapanda jukwaani kwenye uwanja wa mtaa wako ukawaambia waliokupigia kura yale yale uliyosema jana bungeni, umeiacha kinga mlangoni, sasa hivi we ni raia kama wengine mbele ya Kanuni ya Adhabu. Na ukiyasema studio kwenye vesi unaangukia kwa BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa. Mdomo ni mmoja, maneno ni yale yale, ila mahali pametofautiana na hatari yake inatofautiana. Mi hili linanisumbua sana, kwa sababu pale jukwaani ndipo wapiga kura walipo, na ndipo ulinzi ulipoishia.

Mtu atasema mbona rapa Nay wa Mitego aliimba na akaachiwa. Ni kweli, na tuieleze vizuri. Machi 2017 alitoa wimbo wa Wapo, tarehe 26 akakamatwa Morogoro, kesho yake waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais ameagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Mtaani watu walishangilia, na wakaanza kusema kumbe nchi hii ukiimba ukweli huna shida. Mi nilifurahi kijana katoka ila nilibaki na wasiwasi, maana wimbo ukiachiwa kwa sababu mkubwa kaupenda basi asingeupenda ungebaki ndani pamoja na mwenyewe. Uhuru wa namna hiyo unategemea mtu mmoja kaamkaje siku hiyo.

Na haikuchukua wiki mbili. Tarehe 5 Aprili 2017 rapa mwingine, Roma Mkatoliki, akachukuliwa na watu wasiojulikana studio, Dar es Salaam, yeye na wenzake. Hii watu wanaichanganya na ya Nay, wanasema "Roma na Nay walikamatwa na polisi", wakati ya Roma ilikuwa utekaji, familia yake haikujua aliko mpaka alipopatikana tarehe 8. Tarehe 10 alizungumza na waandishi akiwa na majeraha akaeleza kwamba walipigwa. Kuna waliosema ni kiki ya kuuza wimbo, na wengine bado wanasema. Naomba anayesema hivyo ajiweke kwenye nafasi ya mke anayezunguka vituo vya polisi siku tatu akiulizia mume wake, afu arudie hilo neno kiki.

Hili lingine ni dogo ila linatokea kila mara: kuna Joseph wawili. Joseph Mbilinyi ni Sugu, Mbeya Mjini, 2010 mpaka 2020. Joseph Haule ni Professor Jay, Mikumi, 2015 mpaka 2020, naye kwa CHADEMA, naye alishatuimbia Ndio Mzee 2001 kabla hajawa mwanasiasa, akicheza mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Majina yanafanana, chama kimoja, muziki mmoja, wote wakapoteza viti 2020, ndo maana watu wanampa huyu stori ya yule.

Halafu kuna hii ya kwamba baada ya 2020 Sugu kwisha, au amenunuliwa. Aliyemshinda 2020 ni Tulia Ackson ambaye wakati ule alikuwa Naibu Spika na baadaye akawa Spika. Ukimya ukafuata kidogo. Afu Mei 2022 akafanya onyesho la kuadhimisha miaka 30 kwenye muziki, Dar es Salaam, na mgeni rasmi akawa Rais Samia. Picha zikasambaa, wamekaa, wanatabasamu, na hapo ndo maneno yakaanza, kwamba huyu naye kashalambishwa asali, subiri utamuona na kijani ya CCM, chama tawala. Naelewa kwa nini watu waliumia, wengine walishaona wangapi wakivuka. Ila mi sikuona tatizo kwenye ile picha, mtu aliyefungwa miaka minne nyuma kwa maneno kuhusu Rais, sasa Rais anakuja kumsikiliza akirap mbele ya watu, mimi niliona rap ndo imeheshimiwa pale.

Na kuhusu kijani, tarehe 29 Mei 2024 Sugu alichaguliwa mwenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa, ile ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa, akimshinda Peter Msigwa, na wiki chache baadaye aliyehamia CCM alikuwa Msigwa. Agosti mwaka huo huo chama kiliandaa kongamano la siku ya vijana Mbeya, polisi wakalipiga marufuku, viongozi wakakamatwa, Lissu, Mnyika, baadaye Mbowe, na Sugu akiwa miongoni mwao, kwenye mji ule ule wenye gereza la Ruanda.