Kwa nini muvi moja ya zamani ina mabango tofauti kila nchi?

Ukiperuzi mabango ya muvi za zamani kwenye intaneti lazima ukutane na hiki kituko: muvi ni ile ile, staa yule yule, lakini bango la Marekani limesimama wima, la Uingereza limelala, la Ubelgiji ni kadogo halafu lina lugha mbili, na la Poland staa mwenyewe hata hayupo. Mimi zamani nilidhani ni wachoraji tu, kila mtu na mzuka wake. Kumbe hapana. Bango lilikuwa linafuata ukuta litakaobandikwa na mfuko wa anayelilipia, muvi yenyewe inakuja baadaye.

Iko hivi. Siku hizo muvi ikitoka Hollywood kwenda nje, kampuni ya usambazaji ya nchi husika ndiyo ilikuwa inaagiza matangazo yake, kwa hiyo jina la muvi linabadilishwa, mchoraji wa hapo hapo anatafutwa, anapewa picha chache za muvi na anaambiwa haya, chora. Italia walikuwa na mafundi hatari kwenye hii kazi, mtu kama Anselmo Ballester alichora mabango mengi tu ya muvi za Hollywood, na ukiyaweka pembeni ya yale ya Marekani, mengi ya Marekani yanaonekana kama yamechorwa kwa haraka haraka.

Halafu kuna saizi. Marekani bango la kawaida lilikuwa inchi 27 kwa 41, limesimama. Uingereza wao inchi 30 kwa 40 lakini limelala, maana ndivyo fremu zao zilivyokuwa. Wafaransa wakapenda makubwa, sentimita 120 kwa 160, hilo hata ukipita mbio unalisoma. Wabelgiji ndio kinyume kabisa, mabango yao mengi ya baada ya vita ni kama sentimita 36 kwa 55 hivi, na humo humo zimebanana lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na juu unakuta nafasi nyeupe imeachwa makusudi ili kila jumba la sinema lijiandikie jina lake na siku za kuonyesha. Na ukiona bango la zamani la Ubelgiji, Ufaransa au Italia lina stempu ndogo pembeni kama ya barua, usidhani lilitumwa posta, hiyo ni stempu ya kodi, kubandika tangazo hadharani kulikuwa kunalipiwa.

Sasa Poland, hapo ndipo patamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilichukua biashara yote ya filamu, msambazaji akabaki mmoja tu, serikali yenyewe. Hakuna mshindani wa kumpiku, kwa hiyo bango halikuwa na presha ya kuuza tiketi wala kuweka sura ya staa ili watu wajae. Kazi wakapewa wachoraji wa sanaa kabisa, kina Henryk Tomaszewski na Eryk Lipiński, na wao wakachora walivyoielewa muvi. Tomaszewski mwaka 1948 akaenda kwenye maonyesho ya mabango Vienna akazoa zawadi tano za kwanza. Tano!

Mfano ninaoupenda ni bango la Wiktor Górka la mwaka 1973 la ile muvi ya Cabaret. Katikati kuna uso umepakwa poda unacheka, na kuuzunguka kuna miguu minne ya wanawake iliyovaa soksi ndefu, imekunjwa magoti. Unaangalia unasema sawa, wacheza shoo. Ukirudi nyuma hatua mbili ndio unashtuka, ile miguu imetengeneza swastika, alama ya Wanazi. Muvi nzima iko pale, Berlin ya starehe huku Wanazi wanaingia, na hajaandika neno la kueleza. Hapo sijui kampuni gani ya biashara ingempitishia mchoro kama huo. Na kweli, mfumo wa kikomunisti ulipoanguka Poland mwaka 1989 na biashara huria ikaingia, zikaingia na zile sura kubwa za mastaa, ule uhuru ukaishia hapo.

Na kama unajiuliza mbona yaliyobaki ni machache wakati yalichapishwa kwa wingi, ni kwa sababu hakuna aliyeyaona kuwa ni mali. Marekani mabango mengi yalikuwa ya kukodi, yanakunjwa kama barua yanatumwa, muvi ikiisha yanarudishwa yaende jumba lingine mpaka yachakae, ndiyo maana ya zamani mengi yana alama za mikunjo. Mengine yalibandikwa kwa gundi ukutani na wiki inayofuata jipya likawekwa juu yake.

Kuna bonge moja la karatasi liliibuka huko Berwick, Pennsylvania, zito kama kipande cha ubao. Lilipobanduliwa taratibu likatoa mabango 33 ya miaka ya mwanzo ya 1930, yote yamegandana na gundi ya karatasi za ukutani, kila moja likiwa limelindwa na lililobandikwa juu yake. Mwaka 2012 yakapigwa mnada Dallas, yakaingiza zaidi ya dola 500,000. Yule aliyekuwa anayabandika kwa gundi kila wiki wala hakuwa anatunza kitu, alikuwa anavivia tu kubandua la zamani.