Jamani, Hajatumbuliwa, Muda Umeisha

Naandika nikiwa nimechoka kidogo, kwahiyo mkiona nakaza sauti mnivumilie. Kuna mtu karusha tena kwenye grupu barua ya ndani ya chuo kimoja cha umma, ile barua ya kawaida kabisa ya mabadiliko ya viongozi, fulani anaacha uamidi, fulani anaanza, mwingine anakaimu, naibu kaongezewa kipindi, basi juu yake kaandika kwa herufi kubwa WAMETUMBULIWA, yaani wamevuliwa vyeo kwa nguvu. Haikupita nusu saa watu wa Mtwara mjini, Masasi mpaka Newala huko wanatoa pole kama msibani. Mmoja akauliza eti familia yake itaishije sasa. Itaishi vizuri tu ndugu yangu, huyo profesa kesho ana kipindi saa mbili asubuhi.

Kazi yangu mimi ni utawala. Hizo barua ndo nimekulia humo, kuziandaa, kuzipitisha masjala, kuzitafutia jalada, kuhakikisha nakala imefika uhasibu na kwa mkaguzi wa ndani. Kwahiyo nikisema kwamba barua tisa kati ya kumi mnazozililia hazina kilio ndani yake, sisemi kwa kukisia.

Nipite haraka kwenye yale ya msingi maana haya yameandikwa kila mahali. Chuo kikuu cha umma kina Mkuu wa Chuo ambaye kazi yake kubwa mnaiona siku ya mahafali. Kina Baraza, kina Seneti ya mambo ya taaluma, kina Makamu Mkuu ndo mtendaji na ndo afisa masuuli (anayejibia fedha), chini yake manaibu, halafu marasi (wakuu wa ndaki), maamidi (wakuu wa vitivo au shule), wakurugenzi, wakuu wa idara. Wale wa juu kabisa taarifa yao inatoka Ikulu na mnaisoma magazetini. Hawa wengine wanateuliwa humohumo chuoni kwa mujibu wa hati idhini ya chuo husika, na hapo kila chuo kina mambo yake, usichukue ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ukayapeleka SUA (kile cha kilimo, Morogoro) ukadhani yatakaa. Kote wako chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inawaangalia. Basi.

Na tafadhali, TIA Mtwara (ile ya uhasibu) sio chuo kikuu, ni taasisi ya serikali iliyo chini ya Wizara ya Fedha. STEMMUCO, chuo cha Stella Maris hapa Mtwara, nayo ni ya Kanisa Katoliki, iko chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), viongozi wake hawateuliwi kwa njia ninayoieleza hapa. Nasema hivi kwa sababu kila nikianza kueleza lazima atokee mtu na mfano wa STEMMUCO.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi.

Uamidi, urasi, ukuu wa idara, unaibu, hata umakamu mkuu wenyewe, hivi ni vyeo vya madaraka na vina muda. Ni miaka michache, inategemea na cheo na chuo, mara nyingi unaweza kuongezewa kipindi, halafu unapisha. Uprofesa au uhadhiri mwandamizi ni kitu kingine, hicho ni cheo cha kitaaluma, umekipata kwa machapisho na kufundisha, hakuna anayekunyang'anya kwa sababu muda wa uamidi umeisha. Mtu mmoja ana vyote viwili kwa wakati mmoja, kimoja kinaisha kingine kinabaki. Watu wa huku wanatakiwa waelewe hili kuliko mtu yeyote, maana mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akimaliza kipindi chake mkutano mkuu unachagua mwingine na yeye anarudi shambani kupulizia salfa mikorosho yake, hakuna anayesema amefukuzwa ukulima. Sasa profesa akirudi darasani mbona mnamlilia?

Mifano ipo mingi tu. Profesa Mmari alikuwa Makamu Mkuu wa UDSM hadi 1991, akaja kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, hichi hichi chenye kituo hapa Mtwara na kingine Lindi. Profesa Mukandala alishika UDSM kuanzia 2006, mwaka 2017 akapisha, akaingia Profesa Anangisye. Je, Mukandala alipotea? Mwaka 2022 ndo yeye mwenyekiti wa Kikosi Kazi cha demokrasia ya vyama vingi, anamkabidhi Rais Samia ripoti na nchi nzima inatazama. Hao ndo mnawaita waliotumbuliwa?

Na wapo mnaodhani kiti kikiwa wazi chuo kinasimama. Mkuu wa Chuo wa UDSM, Balozi Kazaura, alifariki 2014, Rais mstaafu Kikwete akateuliwa Januari 2016. Hapo katikati watu walifundisha, mitihani ilifanyika, mishahara ilitoka. Kiti kikubwa kuliko vyote kilikuwa hakina mtu na mimi na wewe hata hatukushtuka. Ila kiti cha mkuu wa idara kikikaa wazi wiki mbili, hapo mtaona moto, maana yule ndo anayepitisha matokeo, ratiba, likizo, madai ya posho ya kusimamia mitihani. Watu wanaangalia juu wakati mambo yanakwama chini.

Haya, lakini nisiwe mtu wa kutetea tu. Kuna kitu ambacho vitabu vya utawala havikisemi na mimi kinanisumbua, ni kwamba barua ya "amemaliza muda wake" inafanana kabisa awe kamaliza kwa heshima au wamekataa kumwongezea. Maneno yaleyale, shukrani zilezile kwa utumishi uliotukuka, mhuri uleule. Akitenguliwa kweli barua inasema uteuzi wake umetenguliwa, hapo hakuna ubishi, mpe pole. Ila yule aliyeomba kipindi cha pili akanyimwa, kwenye karatasi hutamjua. Mimi mwenyewe niliyeandaa karatasi wakati mwingine simjui. Kwahiyo wale wa grupu kuna siku wanapatia, nakubali, ila wanapatia kwa bahati, wakiwa wanakisia kila barua lazima moja itaangukia.

Na kitu kingine, kurudi darasani si rahisi kama tunavyoandika kwenye kanuni. Posho ya madaraka inakatika, gari na dereva vinakwenda kwa mwingine, katibu muhtasi hayupo tena wa kukupokelea simu. Hayo yanazoeleka. Shida ni kwamba mtu kakaa kwenye uongozi vipindi viwili akisoma mihtasari ya vikao badala ya majarida, machapisho yamesimama, wenzake aliokuwa nao wahadhiri waandamizi wamekuwa maprofesa washiriki, yeye aliyekuwa anawasainia safari anarudi akiwa nyuma yao. Halafu anakaa kwenye kikao cha idara kinachoongozwa na kijana aliyemfundisha. Wapo wanaoweza, tena vizuri, nimeona mzee mmoja anamwita yule kijana "Mkuu" bila kinyongo na anajaza fomu zake mapema kuliko wote. Wapo wasioweza, kila hoja ni "enzi zangu tulikuwa". Utaratibu wa kumwandaa mtu kurudi karibu hakuna, tunampa hati ya makabidhiano asaini basi. Hapo naona tunakosea kama sekta, na sina jibu zuri sana, maana ukimpa likizo ya kujinoa lazima upate wa kufundisha kozi zake, na idara nyingi hazina mtu wa ziada.

Wengine wanauliza mbona hawastaafu tu kuliko kurudi. Kwa sababu umri haujafika! Maprofesa na wahadhiri waandamizi ukomo wao wa lazima ni 65, hiari 60, tofauti na watumishi wengi wengine ambao lazima ni 60. Mtu kamaliza unaibu ana 58, mnataka aende wapi?

Sasa kukaimu. Hapa ndo watu wanachanganya mpaka basi. Kuna "Kaimu" na kuna ile "Kny" mnayoiona chini ya barua kabla ya cheo. Aliyeandika Kny anasaini kwa niaba ya mwenye ofisi, mwenye ofisi yupo, labda yuko kikaoni Dodoma, na dhamana bado ni ya mwenye ofisi. Barua ya namna hiyo ni halali, sio feki, acheni kuwarudisha wanafunzi eti "hii hajasaini mwenyewe". Kaimu ni mwingine kabisa, huyo kakabidhiwa ofisi kwa barua, anaamua na anabeba lawama zake mwenyewe.

Utumishi wa umma unataka kukaimu kuwe kwa muda mfupi, miezi sita, halafu nafasi ijazwe. Kwenye maisha halisi mnawajua waliokaimu mpaka watoto wao wamemaliza kidato cha nne. Na madhara yake hayaonekani kwenye karatasi. Kaimu wa muda mrefu anakuwa mwoga, anaahirisha kila kitu kizito, hamchukulii mtu hatua, maana hajui kama kesho anathibitishwa au anarudi kuwa mwenzao. Au anakuwa mkali kupita kiasi ili aonekane kwamba anaiweza nafasi. Mtu ni yuleyule, mthibitishe uone anavyobadilika. Nikiambiwa nichague kati ya kiongozi wa wastani aliyethibitishwa na kiongozi mzuri anayekaimu mwaka wa tatu, nachagua wa wastani, na najua wenzangu wengi watanipinga.

Makabidhiano nayo. Uteuzi ukitangazwa leo haina maana kesho asubuhi yule mpya anasaini malipo. Lazima kuwe na hati ya makabidhiano: mali za ofisi, majalada yaliyo kazini, mikataba inayoendelea, kesi kama zipo, masurufu (fedha za kazi walizochukua watu) ambayo hayajarejeshwa, ahadi alizotoa mtangulizi. Hizo ahadi ndo mwiba, nyingi zilitolewa kwa mdomo, kwenye korido, na mpya anakuja kufuatwa na watu kumi kila mmoja anasema "mzee aliniahidi". Halafu benki wabadilishiwe watia saini, kwenye mfumo wa malipo afungwe wa zamani afunguliwe mpya, kwenye NeST ya manunuzi hivyohivyo. Hapo katikati malipo yanasubiri. Sio hujuma, sio kwamba mpya kaja na watu wake, ni mfumo tu haujamtambua. Ukilazimisha, ukalipa kwa saini ya mtu aliyekwishaondoka, CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akija hiyo ni hoja ya ukaguzi, na atakayejibu hoja ni sisi wa chini sio nyie wa grupu.

Nimalizie na Lindi maana maswali yamekuwa mengi. Ule mradi wa HEET, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia kwa elimu ya juu nchini, ndani yake UDSM inapata kampasi Lindi kwa ajili ya kilimo. Nafurahi kama mtu wa kusini, korosho na ufuta wote huu tulionao halafu mtoto akisomee kilimo Morogoro kila siku kwa nini. Ila tayari naona watu wanapanga nani atakuwa Makamu Mkuu wa Lindi, wengine wameanza mpaka kutaja makabila, mara lazima awe Mmwera. Hakuna Makamu Mkuu wa Lindi. Kampasi ni sehemu ya chuo, chuo kina Makamu Mkuu mmoja na anakaa Dar, huku atakuwepo kiongozi wa kampasi anayeripoti kwake. Bajeti yake itapita huko, ajira zitapitia Sekretarieti ya Ajira kama kawaida, hataajiri mpwa wa mtu. Swali la maana zaidi ambalo halijaulizwa na mtu ni huyo kiongozi atapewa mamlaka kiasi gani ya kuamua mwenyewe bila kusafiri. Kila kibali kikitoka Mlimani, makao makuu ya UDSM kule Dar, wakati wewe uko Lindi, hata fundi wa jenereta utamsubiri. Wakurugenzi wa vituo vya Huria wanaijua hii adha vizuri sana, waulizeni.

Kuna dada kaniuliza inboksi, ana barua ya udhamini aliyosainiwa na amidi ambaye kwenye ile taarifa kaondoka, je bado inafaa? Inafaa, dada yangu. Ilisainiwa akiwa na ofisi, na iliyosaini ni ofisi. Angalia tarehe tu. Kama barua ina tarehe ya baada ya makabidhiano, irudishe wakusainie upya kabla hujapanda basi, maana huko uendako mtu wa kwanza atakayeikagua ni masjala.