"Tarakimu ya nne ndo mwaka": seriali namba ya kompyuta haisomwi hivyo

Kila wiki lazima nimsikie mtu: "fundi, tarakimu ya nne kwenye seriali ndo mwaka." Yaani kwenye ile namba ya utambulisho ya mashine, tarakimu ya nne eti inakuambia mwaka iliotengenezwa. Ya nne kwenye mashine gani jamani? Hili linanichosha kuliko yote. Kila kampuni inapanga namba zake inavyotaka, na mpango wenyewe hubadilika. Kwenye HP za tarakimu kumi ni kweli, ukikuta inaanza na 5CD823 basi 8 ni mwaka na 23 ni wiki, ila 8 hiyo inaweza kuwa 2008 au 2018, angalia prosesa (ile chipu kuu ya kompyuta) ni ya zamani au mpya, utajua ni ipi. Sasa mtu anaibeba kanuni hiyohiyo anaipeleka kwenye Dell, ambayo Service Tag yake, yaani seriali ya Dell, ni herufi na tarakimu saba tu na haikuambii mwaka, na ile Express Service Code ndefu ni tagi ileile imegeuzwa kuwa namba tupu.

Apple ndo usiseme. Za zamani zilikuwa 11, ya tatu mwaka, mbili zinazofuata wiki. 2010 zikaja za 12, ya nne ikawa herufi ya nusu mwaka, C ikiwa mwanzo wa 2010 halafu ikajirudia 2020. Kuanzia 2021 wakaingiza seriali za kubahatisha, hazisemi kiwanda wala tarehe, sasa mtu ana MacBook mpya anakaa kuhesabu herufi na kubishana na mimi, ndugu yangu hakuna kitu pale.

Eti ikianza na C imetoka China? Apple za zamani za CK zilitoka Cork, Ireland, wakati C02 ni China. Na bakodi ya boksi kuanza na 690, ambayo ni ya China, inaonyesha kampuni ilisajili bakodi wapi, sio kiwanda kiko wapi.

Waranti nayo kwa kawaida huhesabiwa tangu mashine iuzwe, sio wiki iliyotoka kiwandani.

Wengine wanaamini stika tu. Stika inabanduka, inabandikwa nyingine. Mimi kabla ya yote nafungua bayosi (programu ya ndani inayowaka kwanza ukiwasha kompyuta) nasoma seriali ya ndani, nalinganisha na ya chini ya mashine, halafu naiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Zikitofautiana, au ndani pako tupu, mara nyingi madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imebadilishwa, kwa hiyo muulize muuzaji ilitoka wapi kabla hujatoa hela.