Je, wajua kwa nini vyumba vya Enterprise havienei ndani ya Enterprise?

Shabiki anayeunda chombo cha anga cha kubuni kwenye kompyuta kwa kawaida huanza na ganda la nje. Kazi hiyo ni ndefu lakini haina ubishi mwingi. Ubishi huanza anapotaka kutia vyumba ndani. Hapo hugundua kwamba chombo alichokitazama miaka yote hakikuwahi kuwa kitu kimoja.

Chukua Enterprise, chombo cha anga cha Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya miaka ya 1960. Kilichoonekana kikipita kati ya nyota kilikuwa modeli yenye urefu wa mita 3.4 hivi, ambayo sasa ni mali ya makumbusho ya Smithsonian. Upande wake wa kushoto ndiko zilikopita nyaya za taa, kwa hiyo kamera iliukwepa. Vyumba navyo vilijengwa studio, vikiwa na kuta za kuondoleka ili wapiga picha wapate nafasi. Seremala hakuulizwa kama vitaenea ndani ya ganda.

Kichekesho kikubwa ni Galileo, chombo kidogo cha kuwatoa watu Enterprise na kuwarudisha. Wahusika wenyewe hukitaja kuwa cha futi 24, na ganda walilojengewa waigizaji lilikuwa fupi kuliko hapo, tena dari yake ni ya kuinama. Picha ikihamia ndani, watu wanatembea wima!

Ili kupata vipimo, shabiki huiweka picha ya tamthilia nyuma ya kazi yake katika programu ya kuundia maumbo ya 3D kama Blender, kisha husogeza kamera ya programu mpaka mistari ya sakafu na kuta ioane na ya picha. Kimo cha mwigizaji kikijulikana, mlango unapimika, na kutokana na mlango, chumba kizima. Inabidi kuichunga lenzi pana, maana huvuta chumba kikaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Namba zikigoma, wengine huikuza Galileo kimyakimya, wengine huibana dari. Wanaotumia injini za gemu, yaani programu za kuundia michezo ya kompyuta, wana ujanja wa tatu: ukivuka mlango, programu inakuhamishia kwenye chumba kikubwa kilichowekwa kando kabisa, nawe huoni mshono.

Lakini hakuna hila ya namna hiyo kwa ukumbi wa nahodha, yaani chumba cha juu anamokaa kuongoza chombo. Nje, nyuma ya kuba lake, kuna nundu iliyo katikati kabisa, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo njia ya lifti. Ndani, mlango wa lifti uko nyuma ya nahodha, kushoto. Michoro ya Enterprise ya msanifu Franz Joseph iliyochapishwa mwaka 1975 iliuzungusha ukumbi nyuzi 36 ili viwili hivyo vikutane, na matokeo yake nahodha hatazami kule chombo kinakokwenda. Wapinzani wanasema nundu hiyo ni ya kitu kingine, na lifti za Enterprise husafiri hata kwa ulalo. Mimi niko na wapinzani. Nahodha anayeongoza chombo akiwa ameangalia pembeni simwamini.