Huo si utani, mwalimu

Nimeambiwa tena, safari hii katika shule moja ya bweni huku Rungwe, mkoani Mbeya: "Madam, hao ni watoto, wanataniana tu." Mkononi nilikuwa na faili la kijana wa kidato cha kwanza aliyezimia mstarini mara mbili. Nilitabasamu kwa adabu. Hapa sitatabasamu, maana ule ulikuwa uonevu.

Utani tunaujua. Babu yangu alipofariki, mtani wetu aliingia kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka agombolewe, huku akimwita marehemu mchoyo. Tulicheka huku tunalia, tukamlipa. Kaburi lenyewe alikuwa ameshiriki kulichimba. Alipofiwa yeye nikaenda kulipiza, na nililipiza vizuri tu. Utani ni njia ya kwenda na kurudi, na una deni la kusaidiana ndani yake. Kwa hiyo mtu akiniletea neno hilo kufunika mateso ya mtoto, naona ameniibia kitu changu.

Kijana huyu alikuwa anakojoa kitandani. Godoro linaanikwa ukutani nyuma ya bweni mwezi wa Juni, na baridi yetu hii halikauki, analirudia jioni likiwa bichi. Wenzake walimtungia wimbo wa jina lake na wakawa wanauimba kwenye foleni ya chakula. Akaacha kunywa maji kuanzia saa sita mchana. Hapo ndipo kuzimia kulipoanzia, ingawa zahanati ilimpa dawa ya malaria na ya minyoo.

Nilimwita kiongozi wa waimbaji. Kijana mchangamfu, kiranja, anajua kuongea na wakubwa. "Tunamtania tu, madam." Nikamuuliza, naye akikutania wewe? Akacheka kwa mshangao wa kweli kabisa: "Hawezi!"

Neno hilo moja lilinitosha. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alitaja mambo matatu: kukusudia kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Kwa uzoefu wangu hilo la tatu ndilo linalopuuzwa, kwa sababu watu wanatafuta misuli. Nguvu inaweza kuwa cheo cha ukiranja, lafudhi ya mjini, tranka lililojaa, au kujua siri ya godoro la mwenzako.

Hilo la kurudiarudia, nakiri, linanisumbua. Picha ya godoro ikipigwa mara moja na kusambazwa WhatsApp likizoni, tuseme imetokea mara moja? Mimi nahesabu kila anayeifungua, ingawa najua nimeupanua mpaka aliouweka Olweus.

Madhara nitayapitia haraka: tumbo kuuma Jumapili jioni, kukosa usingizi, alama kushuka, utoro, sonona, na wengine kufikiria kujidhuru, jambo ambalo halisubiri kikao cha wazazi. "Atazoea" ni maneno ya kubahatisha. Uingereza walifuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikutwa na sonona na wasiwasi zaidi kuliko wenzao hata wakiwa na miaka 45.

Msinipeleke kwenye viboko. Kumchapa mwonevu ni kumthibitishia kwamba mwenye nguvu ana haki. Wala msiwakalishe wote wawili wapeane mikono. Huo ni usuluhishi wa ugomvi, na hapa hapakuwa na ugomvi.

Vitabu vinasema tuwafundishe watazamaji wamtetee mwenzao. Ni kweli, wakiingilia, mara nyingi kitendo hukatika palepale. Lakini bweni lenye watoto wengi na matroni mmoja, anayetetea saa tatu usiku anaweza kuwa ndiye wimbo wa kesho. Sijapata namna ya kumwambia mtoto ajitokeze bila mimi kuwepo.

Tulichofanya ni kidogo. Matroni anamwamsha saa tano usiku bila kelele, amehamishiwa kitanda cha chini karibu na mlango, godoro limevishwa nailoni, na anakunywa maji kama kawaida. Kiranja amevuliwa zamu za bweni. Wimbo umenyamaza kwenye foleni, ila matroni anasema wavulana wawili bado wanaupiga kwa mluzi.

Mama yake alinipigia kuuliza kama amhamishe shule. Nilimwambia, mama, tusubiri muhula uishe. Tangu nikate simu najiuliza kama ningemjibu hivyo angekuwa mwanangu.