Je, wajua kwa nini mikono minne ya kaboni inalingana?

Kaboni ina elektroni 6. Mbili zimejibanza karibu na kiini, katika obitali ya 1s (namba ni ngazi, herufi ni umbo), na hazijihusishi na mambo ya nje. Nne zilizobaki ndizo zinazoshikana na atomi nyingine: mbili zimekaa pamoja katika 2s, na mbili zimeachana, kila moja katika obitali yake ya 2p. Obitali, kwa asiyelizoea neno hili, ni eneo la atomi ambamo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kupatikana. Ile ya s ni duara kama mpira. Ya p ina mabonge mawili yanayotazamana, kiini kikiwa katikati, na obitali hizo ziko tatu, zikikatana kwa nyuzi 90.

Fuata hesabu hiyo hadi mwisho uone inakokupeleka. Bondi, yaani mkono unaoshikanisha atomi mbili, huundwa kwa elektroni moja iliyo pekee kutoka kila upande. Elektroni za kaboni zilizo pekee ni mbili tu, kwa hiyo ingeshika haidrojeni mbili, kwa pembe ya nyuzi 90. Lakini methani, gesi ambayo molekuli yake ina kaboni moja, ina haidrojeni nne. Tena bondi zake zote nne zina urefu mmoja, pikomita 109 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na kati ya bondi yoyote na jirani yake kuna nyuzi 109.5. Huwezi kuonyesha ipi ilitoka kwenye s na ipi kwenye p.

Ajabu ni kwamba umbo hilo lilitangulia maelezo yake. Mwaka 1874 wanakemia Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba kaboni hukaa katikati na wenzake wanne hukaa kwenye ncha za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Elektroni yenyewe ilikuja kugunduliwa mwaka 1897. Fizikia ya kwanta ilipoleta s na p zake katika miaka ya 1920, wanakemia walikuwa na umbo tayari mkononi, nalo likakataa kuingia kwenye picha mpya. Mwaka 1931 mwanakemia Linus Pauling alionyesha namna ya kulipatanisha.

Nusu ya jibu ni nyepesi. Elektroni moja ya 2s ipandishwe kwenye 2p iliyo tupu, sasa zote nne ziwe pekee. Kupandisha huko kunagharimu takribani kilojuli 400 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya atomi), lakini kunaruhusu bondi mbili zaidi, na kila bondi ya kaboni na haidrojeni inarudisha zaidi ya kilojuli 400. Deni linalipika na chenji inabaki. Hata hivyo, bado tuna p tatu za namna moja na s moja ya namna nyingine.

Hapa ndipo panaponoga. Elektroni ina tabia ya wimbi, na mawimbi hujumlishwa. Bonge moja la p lina alama ya kujumlisha, jingine la kutoa. S ni ya kujumlisha kotekote. Ziweke pamoja: upande mmoja zinaongezana na bonge linavimba, upande wa pili zinapunguzana na kunabaki kijibonge tu. Umepata obitali mahuluti, yaani ya mchanganyiko, yenye kichwa kikubwa kinachoelekea upande mmoja, kitu kizuri sana cha kuingilia obitali ya haidrojeni.

Obitali ngapi zinaingia ndizo zinazotoka, kwa hiyo s moja na p tatu zinazaa mahuluti nne. Kinachotofautisha moja na nyingine ni alama za zile p tatu. Ya kwanza inajumlisha zote. Kila moja ya zile nyingine inajumlisha p moja na kutoa mbili. Sasa chukua mchemraba, weka kaboni katikati, na uchore pande hizo: kila mahuluti inaelekea kona yake, na katika kona hizo nne hakuna mbili zilizounganishwa na ukingo mmoja. Pima pembe kati ya kona mbili kupitia katikati. Ni nyuzi 109.5, bila kulazimisha chochote.

Hizi huitwa sp³. Hiyo 3 si kipeo wala idadi ya elektroni (wengi hujikwaa hapa, nami nilijikwaa). Ni idadi ya p zilizochanganywa.

Kaboni pia inaweza kuiacha p moja nje ya mchanganyiko. Mahuluti zinakuwa tatu, zimelala bapa kwa nyuzi 120, na hiyo ndiyo sp². Katika ethini (kaboni mbili na haidrojeni nne), p zilizoachwa kwenye kaboni mbili hugusana ubavu kwa ubavu na kufanya bondi ya pili. Kaboni hizo husogeleana hadi pikomita 134, kutoka 154 za ethani (kaboni mbili za sp³ zenye bondi moja kati yao), na huwezi kuzungusha upande mmoja bila kuvunja mgusano huo. Asetilini, gesi ya kuchomelea vyuma, huacha p mbili nje: molekuli imenyooka kama rula, na umbali ni pikomita 120.

Almasi ni sp³ mwanzo mwisho, kila kaboni imeshikwa na nne, hakuna pa kuteleza. Grafiti ya penseli ni sp²: karatasi za kaboni zilizopangwa zikiachana kwa pikomita 335, na elektroni ya nne ya kila atomi imetapakaa kwenye karatasi nzima. Ndiyo maana grafiti hupitisha umeme na almasi haipitishi.

Usidhani, lakini, kwamba kaboni hujichanganya kwanza kisha ikangoja wageni. Ni hesabu yetu ya kueleza molekuli iliyokwisha kuundwa. Ukiipiga methani kwa mnururisho wenye nguvu ili elektroni za bondi zichomoke, hazitoki kwa nishati moja: nyingine hutoka kwa elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 14 hivi, nyingine kwa 23. Bondi nne zinazolingana, ngazi mbili za nishati. Wala hakuna mgongano: changanya ngazi hizo mbili kwa alama zilezile za mchemraba, na bondi nne zinarudi kwenye kona zao.